Chupa ya Chai na Dereva Asiyelala

  Wazee wangu wa safu ya mbele, vijana mliojibana kule mlangoni, mama zangu na dada zangu mlio nyuma ya pazia, nisikilizeni.

Ijumaa hapa kwetu Daraja Mbili, Arusha, kila mtu ana haraka. Huyu ameacha pikipiki kijiweni, yule amefunga duka Unga Limited, mama ntilie ameacha sufuria jikoni na mtoto wa jirani ndiye anayechochea moto. Sitawaweka sana. Nina swali moja tu la kujibu, ila jibu lake limenipeleka mahali ambapo muulizaji hakunituma.

Swali limeletwa kwa kikaratasi. Anauliza: hii chai ya kuchachusha inayouzwa kwenye chupa, wanayoiita kombucha, ni halali? Na ni kweli inatibu sukari, presha na vidonda vya tumbo? Chini kabisa ameongeza mstari mmoja, kwamba aliyemsifia kinywaji hicho ni kijana anayeendesha gari la wagonjwa, na kwamba anakinywa akiwa zamu ya usiku ili asisinzie.

Nianze na chupa. Kombucha hutengenezwa kwa majani ya chai haya haya tunayochemsha kila siku, yale ya Mufindi, Rungwe au Usambara. Chai hutiwa sukari ya kutosha, ikaachwa ipoe, kisha ukatumbukizwa utando mnene unaoteleza ambao ndani yake mna bakteria na hamira. Chombo hufunikwa kwa kitambaa na kukaa wiki moja hadi mbili. Hamira inakula sukari na kutoa gesi na kileo. Bakteria nao wanakichukua kileo hicho na kukigeuza asidi, ile ile inayoipa siki ukali wake. Kwa hiyo kileo kimo, kinapita njiani. Ikitengenezwa vizuri na kuhifadhiwa kwenye baridi, kwa kawaida hubaki chini ya nusu ya asilimia moja. Lakini chupa ikizibwa na kuachwa kwenye joto, kazi ya ndani haisimami, na kileo huweza kupanda hadi asilimia mbili na zaidi.

Dini yetu haikutuacha gizani hapa. Siki ni halali, na Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa kitoweo. Kinywaji ambacho kingi chake kinalevya, kichache chake nacho tumekatazwa. Na katikati ya hayo mawili ipo hadithi ya Ibn Abbas katika Sahih Muslim: Mtume alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa siku ile, na ya pili, na ya tatu, kilichobaki baada ya hapo hakukinywa tena. Tazameni hekima hiyo. Hakuwa na kipimo cha kileo, alihesabu siku, na aliacha kabla ya mpaka wala hakungoja afike mpakani. Kwa hiyo mimi nasema, na Allah ndiye Mjuzi: chupa uliyoikuta juani kwenye meza ya muuzaji, ukiifungua inaruka povu na harufu imegeuka, iache. Mwenye shaka zaidi ya hapo awaendee masheikh wa BAKWATA wanaotoa fatwa, asifanye mtandao kuwa mufti wake.

Ama kuhusu kutibu. Mwaka 2003 mtafiti Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alikusanya kila kilichoandikwa na wataalamu kuhusu kombucha na binadamu. Hakupata hata jaribio moja la kitabibu lililoonyesha kwamba inaponya chochote. Miaka 20 baadaye, mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha jaribio dogo la watu 12 wenye kisukari aina ya pili: walioinywa kwa wiki 4 sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilishuka. Habari njema, lakini ni watu 12. Hawajai hata nusu ya safu moja ya msikiti huu. Huwezi kumwambia mama yako aache dawa yake ya sukari, metformin, kwa ushahidi wa nusu safu. Na upande wa pili wa mizani upo pia. Mwaka 1995, katika jimbo la Iowa, wanawake wawili waliokuwa wakinywa kombucha ya nyumbani kila siku kwa muda wa miezi miwili hivi waliugua ghafla, damu yao ikajaa asidi, mmoja akafariki. Sababu haikuthibitishwa moja kwa moja, lakini mamlaka za afya za huko ziliwashauri watu wasiinywe kwanza mpaka uchunguzi ukamilike. Tena ile asidi inakula chombo: mtungi wa kauri uliopakwa rangi ya kung'aa huweza kutoa madini ya risasi yakaingia kwenye kinywaji. Anayetaka kujaribu atumie chupa ya kioo. Mjamzito, mtoto, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka wasijaribu.

Mnisamehe nikisema wazi: mimi sioni kwa nini tuhangaike na chupa ya bei ghali wakati togwa na mtindi tunavyo. Watafiti walishawapa watoto wadogo hapa hapa Tanzania uji uliochachushwa kwa njia ya togwa, miaka ya 1990, wakakuta wadudu wanaoleta kuhara wamepungua kwenye choo chao. Huo ni ushahidi wa kwetu, wa watoto wetu, na hauuzwi kwa dola.

Na chai yenyewe, hii ya rangi? Ina kheri. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu karibu nusu milioni nchini Uingereza, wengi wao wanywaji wa chai ya majani meusi kama yetu, ulikuta kwamba wanaokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na vifo vichache kidogo kuliko wasiokunywa. Hilo halithibitishi kwamba chai ndiyo iliyowaongezea umri, na umri uko kwa Allah, lakini angalau mnywaji wa chai asisutwe.

Wanaostahili kusutwa ni wale wanaoinywa ikiwa bado inaunguza. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hili linatuhusu sisi watu wa milima yenye baridi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa jirani zetu wa Kilimanjaro. Waliwapima watu joto la chai wanapopiga funda la kwanza. Wastani ulikuwa nyuzi 70 na kitu, na chai ya maziwa ilinywewa ikiwa ya moto kuliko ya rangi. Mwaka uliofuata, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO likatangaza kwamba kinywaji chochote kinachozidi nyuzi 65 huenda kinasababisha saratani ya umio, bila kujali ni chai, kahawa au maji matupu. Na saratani ya umio imetapakaa ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki. Hapa Arusha, kwa mwinuko wa mita kama 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mzee wangu anayemiminiwa kutoka kwenye chupa na kujisifu kwamba koo lake ni la chuma, anajimiminia moto. Asma binti Abu Bakr (r.a.) alikuwa akipika chakula anakifunika mpaka mvuke mkali utulie, akisema amemsikia Mtume akieleza kwamba humo mna baraka zaidi. Imo katika Musnad ya Imam Ahmad. Dakika tano, mzee wangu. Piga stori kwanza.

Na mama wajawazito: chai ikiandamana na chakula inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage yasiingie mwilini. Vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki msivimeze kwa chai. Meza kwa maji, chai ije baada ya saa moja. Mama anayeingia leba akiwa na damu pungufu ndiye anayezidiwa haraka akianza kutokwa na damu, na ndiye tunayemkimbizia gari usiku.

Na hapo ndipo ninapomrudia yule dereva.

Muulizaji ameogopa nusu asilimia ya kileo ndani ya chupa. Amefanya vyema, Allah amzidishie uchamungu. Lakini sikilizeni hili. Mwaka 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walichapisha katika jarida la Nature jaribio la kulinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17, mikono na akili yake ilifanya kazi kama ya mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24, ni kama asilimia 0.10. Sheria ya usalama barabarani ya Tanzania inamzuia dereva anayezidi 0.08. Maana yake, dereva aliyeamka jana alfajiri na leo alfajiri bado ameshika usukani, hajagusa tone la pombe maishani mwake, anaendesha vibaya kuliko mtu ambaye trafiki angempeleka mahabusu. Na sisi tumempakia mgonjwa wetu humo, tumempa pole na thermos ya chai.

Kafeini haileti usingizi uliokosekana. Inamziba mlinzi mdomo tu, mwizi bado yumo ndani. Nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo aliyeinywa saa kumi usiku atarudi nyumbani asubuhi hawezi kulala, na jioni ataingia zamu akiwa na deni mara mbili. Na kombucha haiwezi kuwa na kafeini nyingi kuliko chai iliyoitengeneza. Anachokunywa kijana wetu ni chai ile ile, imezidi uchachu na bei.

Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.) katika Bukhari na Muslim, alimwelekeza anayesinzia ndani ya swala aende akalale mpaka usingizi umtoke, kwa sababu huenda akakusudia kuomba msamaha akajikuta anajilaani. Ikiwa mtu anaondolewa kwenye swala, nguzo ya dini, kwa ajili ya usingizi, ni nani atakayemruhusu akae nyuma ya usukani ana roho nne ndani ya gari? Na mnakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa. Salman alimzuia ndugu yake kukesha usiku kucha katika ibada, akamkumbusha kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake. Mtume akasema Salman amesema kweli. Hiyo ilikuwa ibada. Hatukuambiwa kwamba zamu ya usiku inafuta haki hiyo.

Dawa ipo na haiuzwi. Lala kabla ya zamu. Qailula, usingizi mfupi wa mchana, ni mwendo mwema wa waliotutangulia. NASA walipowapima marubani wa safari ndefu walikuta waliosinzia kwa dakika kama 26 kwa mpangilio maalumu walikuwa macho zaidi kuliko wenzao. Na wewe unayepanga ratiba, maana najua humu wamo wenye zahanati na wenye kampuni: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Mwenye hospitali binafsi anayemzungusha dereva mmoja usiku na mchana kwa sababu hataki kumwajiri wa pili, asiniletee mchango wa kupaka msikiti rangi. Aajiri dereva kwanza.

Sasa hebu tuingie nyuma ya gari lenyewe, maana wengi mmelipanda siku ya msiba na macho hayakuona. Land Cruiser. Mgonjwa yuko kwenye machela, amefungwa au hakufungwa. Pembeni kuna benchi. Muuguzi amepiga goti sakafuni, mkono mmoja umeinua chupa ya dripu, mwingine umeshika chuma cha juu ili asianguke kwenye matuta. Mkanda upo kwenye benchi, umefungwa fundo na kusukumwa nyuma ya mto kwa sababu unawasumbua watu. Mtungi wa oksijeni umesimama kona, umezungushiwa mpira wa baiskeli. Boksi la sindano zilizotumika limejaa mpaka mdomoni. Na kwenye benchi lile lile wamekaa shangazi, bibi, jirani, beseni na mfuko wa nguo.

Dereva akikanyaga breki ghafla, kila kitu kisichofungwa kinasonga mbele kwa kasi ile ile ya gari. Muuguzi, bibi, na mtungi wa chuma. Marekani walipochunguza ajali za magari ya wagonjwa, walikuta asilimia 84 ya wahudumu waliokuwa sehemu ya nyuma hawakufunga mkanda. Huko ni kwenye magari ya kisasa na mafunzo. Sisi tumuombe Allah, na tufunge mikanda. Wakikuambia ni mtu mmoja tu wa kumsindikiza mgonjwa, usigombane nao. Wengine pandeni bodaboda. Upendo wa familia hauonekani kwa idadi ya watu waliojazana kumminya muuguzi.

Na tuache kumpigia dereva kelele akimbize. Mwaka 1995, katika jimbo la North Carolina, walilinganisha safari za gari la wagonjwa lenye king'ora na taa na gari linalokwenda kawaida kwenye njia ile ile. Tofauti ya wastani ilikuwa sekunde 43 na nusu. Kwa wagonjwa wachache sekunde hizo ni uhai. Kwa walio wengi si kitu, lakini kwa sekunde hizo watu wako tayari kuvuka mji mzima kutoka huku mpaka Hospitali ya Mount Meru kama wanafukuzwa. Ndugu anayegonga dirisha la dereva na kusema "kanyaga mafuta, unataka afie humu?" anajiona anampigania mgonjwa wake. Anachofanya ni kumtoa dereva kwenye akili yake.

Arusha hatuhitaji kuhubiriwa barabara ni nini. Tarehe 6 Mei 2017 tulipoteza watoto 32 wa shule ya Lucky Vincent, walimu wao wawili na dereva, katika ajali ya basi kule Rhotia, Karatu. Watoto watatu waliobaki hai walikutwa na wahudumu wa afya wa Kimarekani waliokuwa wakipita njia hiyo kwa kudra ya Allah. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni, watu 25. Na tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, zaidi ya mia moja waliungua, wengi wao si waliokuwa garini, ni waliosogea. Mwokoaji yeyote jambo la kwanza hufundishwa kuangalia kama mahali pale patamwua na yeye. Sisi tukijazana na simu kurekodi, tunalifanya eneo lile kuwa la hatari kwa anayekuja kutusaidia, halafu tunalalamika kwamba wamechelewa kushuka.

Hatari nyingine haina kelele. Sindano. Muuguzi kwenye gari linaloyumba anachomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa. Uwezekano wa kupata VVU kwa njia hiyo ni kama mara 3 kwa kila 1,000. Homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, ni kati ya mara 6 na 30 kwa kila mia. Oneni tofauti hiyo. Kila mtu anaogopa UKIMWI, na huku ini linaondoka. Chanjo ipo, dozi tatu. Na aliyechomwa asifiche kwa aibu: dawa kinga ya VVU inafaa ikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Virusi vya Marburg vilipoingia Kagera Machi 2023, waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya. Mhudumu anapovaa glovu na barakoa kabla ya kumgusa baba yako, hamwoni kuwa najisi. Usimkasirikie.

Wahudumu wenyewe nao wana sehemu yao, na nawaambia kama ndugu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na wakala wa kuisimamia, OSHA, upo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wako, na unakuhusu ukiumia kazini au ukipata maradhi yanayotokana na kazi. Mgongo ulioumia kwa kubeba machela kutoka kwenye uchochoro usiopitika na gari, hiyo ni ajali ya kazini. Iandikishe siku ile ile. Kujisukuma kimya kimya mpaka uanguke si subira.

Na msiwasahau wale ambao si wahudumu kabisa. Mfumo wa m-mama, ule wa kuwasafirisha wajawazito kwa dharura kwa kupiga namba 115, Rais Samia aliuzindua kitaifa mwaka 2022, na unategemea pia madereva wa kawaida wa teksi pale gari la wagonjwa linapokosekana. Ni kazi tukufu, na vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja hadi 104 kati ya takwimu za 2015/16 na za 2022. Surat al-Maida, aya ya 32, imetueleza uzito wa kuokoa nafsi moja. Fikirieni dereva wa teksi aliyebeba mbili kwa safari moja. Lakini huyo hana machela wala mafunzo marefu, na damu ya uzazi inamwagika kwenye kiti ambacho kesho mwanawe atakikalia akienda shule. Aweke glovu na turubai la plastiki kwenye buti. Damu ikimwagika, avae glovu, aifunike kwa kitambaa, amwagie jiki iliyopunguzwa, kipimo kimoja kwa sita vya maji kama ni ile ya asilimia 3.5, asubiri dakika kumi, ndipo apanguse. Asianze kufuta kwa mkono mtupu na gazeti.

Wa kwanza kusimamisha huduma ya majeruhi katika umma huu alikuwa mwanamke, Rufaida al-Aslamiyya, na hema lake lilikuwa ndani ya msikiti wa Mtume, Madina. Sa'd ibn Muadh alipojeruhiwa vita vya Khandaq, huko ndiko alikopelekwa. Na Ahmad ibn Tulun alipojenga msikiti wake mkubwa Cairo, karne ya tatu ya Hijra, aliweka nyuma yake chumba cha dawa na tabibu wa kukaa kila siku ya Ijumaa, endapo mtu atazidiwa katikati ya jamaa. Sisi tuna kabati la misahafu na feni mbili mbovu. Basi nimezungumza na kamati, na wamekubali mambo mawili: sanduku la Ijumaa moja kila mwezi litanunua glovu kwa madereva wa teksi na bodaboda wa mtaa huu wanaobeba wagonjwa, na tutamwomba muuguzi wa kituo cha afya aje kuwaonyesha namna ya kumbeba mtu aliyevunjika bila kumvunja zaidi na bila kujivunja wao. Viongozi wa vijiwe, tukutane baada ya Alasiri. Mtakuta chai, imepoa.

Jambo la mwisho ni la sasa hivi. Wakati nasema nanyi, barabara ya nje imezibwa pande zote mbili na magari ya waumini. Likitokea gari la wagonjwa likitaka kupita, litarudi kinyumenyume mpaka kule lilikotoka. Ijumaa ijayo vijana watasimama pale na kuacha upande mmoja wazi, na hakuna atakayeegesha kwa sababu ni mjumbe wa kamati au kwa sababu amechelewa takbira. Na mwenye Noah ya rangi ya fedha iliyokaa katikati ya njia, hazadi zinawaka mpaka betri imechoka, utoke wewe kwanza, wengine wangoje.